Nambari ya ofisi iwe ya ofisi, si ya bwana mkubwa

UKIPITA mbele ya baadhi ya ofisi za huku mpakani, utakuta mlangoni karatasi imebandikwa, na juu ya karatasi hiyo nambari ya simu. Mwananchi huinakili akidhani amepata nambari ya ofisi. La hasha! Mara nyingi ile ni nambari ya mfukoni ya mtu mmoja. Akihamishiwa wilaya nyingine anaondoka nayo. Akifiwa anaizima, na nani atamlaumu? Na asipotaka kusema nawe, anatazama kioo, anaona wewe ni nani, kisha anairudisha simu mfukoni.

Leo nataka kutetea jambo ambalo huenda likaonekana dogo: nambari ya ofisi iwe ya ofisi. Na kwa kuwa mimi ni mwalimu, sitaweza kulitetea bila kurudi kwanza darasani, tutazame jinsi simu ya ofisini ilivyozaliwa, ni nani aliyekaa katikati yake, na maneno gani ametuachia. Ndugu zangu tuliorudi kutoka uhamishoni, nanyi mnaovuka Rusizi na Ruhwa na mizigo kichwani, naomba mnivumilie. Historia hii ina uhusiano na mifuko yenu.

Tuanze na hesabu. Watu wawili wakitaka kuzungumza kwa simu, waya mmoja kati yao unatosha. Lakini watu 21 wakitaka kila mmoja aweze kuzungumza na kila mwenzake bila kupitia kwa mtu wa kati, zinahitajika nyaya 210. Hakuna mji ungeweza kubeba mzigo huo. Ndipo Januari 1878, katika mji wa New Haven, Marekani, ikafunguliwa swichibodi ya kwanza ya biashara, nayo ilikuwa na wateja 21 tu. Nyaya za wateja zilivutwa mpaka kwenye ubao, na mbele ya ubao akakaa opereta. Kwenye swichibodi za matundu, mteja alipoita, ishara ilionekana kwenye tundu lake. Opereta alichomeka waya, akauliza anatakiwa nani, kisha akachomeka ncha ya pili katika tundu la anayetakiwa. Nyaya chache zikafanya kazi ya nyaya 210.

Opereta wa kwanza walikuwa wavulana waliotolewa kwenye kazi za telegrafu. Walisifika kwa utundu na kwa kuwajibu wateja jeuri. Septemba 1878, katika mji wa Boston, akaajiriwa Emma Nutt, mwanamke wa kwanza kuifanya kazi hiyo, na tangu hapo kwa miaka mingi kiti cha opereta kikawa cha wanawake karibu dunia nzima.

Sasa sikilizeni mambo mawili yaliyofuata, maana hoja yangu yote imesimama juu yake.

La kwanza ni nambari yenyewe. Mwanzoni simu hazikuwa na nambari. Mteja alisema tu, "Nipe duka la fulani," na opereta alikuwa amewakariri wote kwa majina. Inasimuliwa kwamba mwaka 1879, katika mji wa Lowell, Massachusetts, ulizuka ugonjwa wa surua, na daktari mmoja akaingiwa na hofu: opereta wachache hawa wakilazwa wote, nani atajua tundu lipi ni la nani? Akashauri kila mteja apewe nambari, ili hata mgeni akikalishwa kwenye kiti kile leo aweze kufanya kazi. Kwa hiyo nambari ya simu ilibuniwa ili huduma isimtegemee mtu mmoja.

La pili ni mashine ya kuunganisha yenyewe. Katika mji wa Kansas City alikuwako bwana mmoja, Almon Strowger, ambaye biashara yake ilikuwa kuzika watu. Inasimuliwa kwamba alishuku kuwa wafiwa wanaopiga simu kumtafuta wanaunganishwa kwa mshindani wake, kwa kuwa opereta alikuwa jamaa wa huyo mshindani. Badala ya kwenda kugombana, akabuni mtambo ambao mteja angeweza kuuendesha mwenyewe bila kupita kwa opereta. Alipewa hataza mwaka 1891, na mwaka uliofuata kituo cha kwanza cha namna hiyo kikafunguliwa La Porte, Indiana. Mtambo ule haukujua tajiri ni nani na maskini ni nani. Ulijua nambari tu.

Basi shikeni hayo mawili: nambari ilikuja ili huduma isife na mtu, na mtambo ulikuja kuondoa upendeleo. Tutayarudia.

Msomaji atauliza, kama mitambo ilikuja zamani hivyo, mbona opereta tuliwakuta maofisini miaka mingi baadaye? Jibu ni kwamba mtambo wa mji ulimaliza opereta wa mji, haukummaliza wa ofisi. Ofisi yenye vyumba 40 haiwezi kulipia laini 40 za nje. Inalipia laini nne au tano, kisha inaweka swichibodi yake ndogo ndani. Anayetoka nje anapiga nambari moja tu, opereta anapokea, anataja jina la ofisi, anauliza shida, kisha anasema lile neno tamu, "Subiri nikuunganishe." Baadaye ikaja mitambo ya ndani inayojiendesha, ile ambayo mafundi huiita kwa herufi nne, PABX, na watu wa vyumba tofauti wakaweza kupigiana kwa tarakimu mbili au tatu bila opereta. Lakini kwa anayetoka nje, opereta alibaki kuwa mlango wa ofisi.

Afrika Mashariki tuliyapokea haya kwa hatua. Waya wa telegrafu wa chini ya bahari ulifika Zanzibar mwaka 1879, ukitokea Aden. Ndiyo maana Kiswahili kilikuwa na "simu" kabla watu wengi hawajausikia mkonga. Simu ya kwanza ilikuwa ya maandishi, kisha ikaja ya mdomo. Baadaye Kenya, Uganda na Tanzania zilihudumiwa na shirika moja la posta na simu, hadi Jumuiya ya kwanza ilipovunjika mwaka 1977 na kila nchi ikashika njia yake. Kule Tanzania likawako Shirika la Posta na Simu, na baada ya sheria za mwaka 1993 simu zikatenganishwa na posta, ikazaliwa TTCL.

Mimi nilisoma shule ya msingi wilayani Ngara, mtoto wa wakimbizi. Simu tuliyoijua ilikuwa ya kukoroga. Unakoroga mkono wake, opereta anaitika, unamwambia unamtaka nani, naye anakutafutia. Mzee wa Kinyarwanda asiyejua kusoma aliweza kuitumia vizuri kabisa, kwani upande wa pili kulikuwa na binadamu anayejua Kiswahili. Hilo tulilione kwa uzito wake. Opereta alikuwa mashine ya kwanza ya kutafsiri.

Tuliporudi nyumbani baada ya 1994, kila mmoja alirudi na mkoba wake wa maneno. Sisi wa Tanzania tulisema swichibodi, opereta na mkonga. Waliotoka Uganda na Kenya walisema ekstensheni kwa ile nambari ya chumba. Waliotoka Bukavu na Bujumbura, waliosoma kwa Kifaransa, walisema santrali kwa mtambo, standa kwa meza ya opereta, na posti kwa nambari ya chumba. Hebu fikirini mkanganyiko wake! Mtu wa Bukavu anakuambia, "Uliza standa wakupe posti ya kumi na mbili," na wewe uliyelelewa Ngara unasikia stendi ya mabasi na posta ya barua. Nimewahi kumwona mzee wetu mmoja akielekezwa hivyo, akashika njia ya kituo cha mabasi. Tulicheka, lakini nauli ilikuwa yake.

Maneno mengine yamehama bila sisi kutambua. Wanaofuatilia asili ya maneno husema "simu" lilitoka katika Kiajemi, ambako maana yake ni fedha, yaani madini yale, na pia waya. Leo tunasema "simu isiyo na waya" bila kucheka. "Laini" ilikuwa waya unaotoka ofisini hadi kwenye nguzo. Leo laini ni kile kikadi kidogo ambacho mfanyabiashara wa Bugarama anabeba viwili au vitatu, kimoja cha kila nchi. "Kukata simu" tunakusema ingawa hakuna uzi unaokatwa. Nikiwauliza wanafunzi wangu kile kialama cha kijani cha kupokelea simu kimechorwa umbo la nini, wengine hunijibu ni ndizi. Hawajapata kuuona mkonga.

Sitaki kulia juu ya mkonga. Kila chombo kina zama zake. Hapa kwetu Rwandatel ilianzishwa mwaka 1993. Kule ng'ambo ya ziwa, Zaire ya wakati ule, mwenzetu Miko Rwayitare, Mnyarwanda, alikuwa ameanzisha Telecel tangu mwaka 1986, miongoni mwa kampuni za kwanza kabisa za simu za mkononi barani Afrika. MTN ilianza kazi Rwanda mwaka 1998. Wengi tunakumbuka vijana wa Tuvugane, waliosimama barabarani na simu zao wakituuzia dakika. Mwaka 2011 Rwandatel ilinyang'anywa leseni ya simu za mkononi, na kufikia hapo mwananchi wa kawaida alikuwa amekwisha kuisahau simu ya mezani. Ofisi ndogo nazo zikafanya hesabu: ya nini kulipia laini ya mezani na mshahara wa opereta, wakati kila mfanyakazi ana simu yake?

Hesabu ile iliokoa fedha za ofisi. Ila gharama haikupotea, ilihamia kwa mwananchi.

Mtazame mama wa Nyakabuye mwenye kreti kumi za nyanya. Anataka kujua mambo matatu tu: je, leo mpaka uko wazi? Karatasi gani inatakiwa? Mzigo wangu unaingia katika ule utaratibu wa cheti rahisi cha asili ya bidhaa, ambao katika Jumuiya ya Afrika Mashariki unahusu mizigo isiyozidi thamani ya dola 2,000? Maswali haya yanajibika kwa dakika mbili za simu. Asipopata wa kumjibu, itambidi apande gari, ashuke mpaka Bugarama au apande mpaka Kamembe, na nyanya hazingoji. Wala maswali yake si ya bure. Mwaka 2020 mipaka ilifungwa kwa sababu ya Korona. Januari 2024 Burundi ilifunga mpaka wake wa nchi kavu na Rwanda. Siku kama hizo, aliyekuwa na mtu wa kumwuliza aliokoa mtaji, na asiye naye aliukuta mtaji wake umeoza kando ya barabara.

Na hapa ndipo nayarudia yale mambo mawili. Daktari wa Lowell alitaka huduma isimtegemee mtu mmoja. Sisi tumeifunga tena kwa mtu mmoja: akihamishwa, ofisi imepotea. Strowger alitaka anayepiga asichaguliwe kwa sura wala kwa ujamaa. Simu ya mfukoni inamwonyesha bwana mkubwa jina la anayepiga kabla hajaipokea. Tajiri mwenye malori ameandikwa jina lake humo, anapokelewa mlio wa kwanza. Mama wa nyanya ni tarakimu tupu, anaachwa alie. Tena tajiri ndiye anayejua nambari halisi, ile isiyobandikwa mlangoni. Nambari hiyo mwingine huipata kwa kujuana, na mwingine huipata kwa chai. Tumenunua vyombo vya karne ya 21, kisha tukarudi kwenye tabia za kabla ya 1891.

Kuna gharama ya tatu, isiyoonekana. Simu ikiita mfukoni mwa mtu, haina kumbukumbu ofisini. Ukija kesho kulalamika kwamba uliuliza ukaelekezwa vibaya, nani atathibitisha? Opereta mwenye kazi yake aliandika: saa fulani, fulani amepiga, shida yake hii, ameunganishwa na chumba fulani. Daftari lile lilikuwa shahidi wa mnyonge.

Najua watakaonipinga. Wa kwanza atasema, "Mwalimu, opereta nao walikuwa wadaku. Walisikiliza mazungumzo ya watu, na walikuwa na wenyewe." Ni kweli, na hadithi ya Strowger imetuonyesha. Simwombi opereta wa zamani arudi na ila zake. Ninachotaka ni kazi yake: kupokea kwa jina la ofisi, kuuliza, kuunganisha na kuandika.

Wa pili atasema, "Leo kuna mashine zinazojibu zenyewe." Zipo, na zina faida kwa ofisi kubwa. Lakini mashine inayokwambia bonyeza moja, bonyeza mbili, bonyeza tisa, inakula salio la mtu aliyeweka faranga chache, na mwisho inamrudisha alikoanzia. Na asiyeijua lugha ya mashine hiyo hana wa kumwambia "sikuelewa". Mashine iwe ngazi, isiwe ukuta. Kila orodha ya kubonyeza lazima iwe na tarakimu moja inayokupeleka kwa mtu.

Wa tatu, mhasibu, atasema, "Fedha hakuna." Huyu namjibu kwa upole. Tangu mwaka 1999 kuna programu ya bure iitwayo Asterisk, aliyoianzisha kijana wa Kimarekani Mark Spencer, inayoigeuza kompyuta ya kawaida kuwa swichibodi kamili. Na kama hiyo nayo ni mlima, simu moja ya vitufe ya bei rahisi, yenye laini iliyoandikishwa kwa jina la ofisi, inatosha. Ikae mezani. Anayetoka zamu amkabidhi anayeingia zamu, kama anavyokabidhi funguo na muhuri. Sijawahi kusikia mkuu wa ofisi aliyehama akaenda na muhuri nyumbani kwake. Kwa nini nambari ya simu iondoke naye?

Tena jambo lenyewe si geni hapa Rwanda. Ukipatwa na dharura unapiga 112, polisi. Ukitaka gari la wagonjwa unapiga 912. Ukiwa na shida ya kodi au ushuru unapiga 3004 ya Mamlaka ya Mapato. Hakuna anayeuliza 112 ni ya afande gani, wala 3004 ni ya karani gani. Watu hubadilika, nambari inabaki. Tunaloomba ni kwamba busara hiyo ya Kigali ishuke mpaka kwenye ofisi ya mwisho kabisa, kwenye kivuko, sokoni, kwenye zahanati na kwenye ofisi ya tarafa.

Na aliyepewa zamu ya simu hiyo ajue Kiswahili. Si upendeleo tunaouomba. Bunge letu lilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi mwaka 2017, nayo ndiyo lugha ambayo mtu wa Bukavu, wa Cibitoke na wa Bugarama hukutana nayo katikati ya daraja. Lugha rasmi isiyojibu simu ni rasmi kwenye karatasi tu.

Mwisho niwageukie walimu wenzangu na nyinyi wazazi mliorudi. Maneno haya tuyapange. Sioni haja ya kugombana kati ya posti na ekstensheni. "Nambari ya ndani" inaeleweka na aliyesoma Goma, Mbarara au Kigoma. "Opereta" sasa watu wengi wanalitumia kwa kampuni ya mtandao, basi tumwite wa mezani "mpokea simu", tueleweke. "Swichibodi" libaki kuwa jina la mtambo, uwe wa matundu au wa kompyuta. Mtoto wa Rusizi akikua na maneno hayo, ataweza kufanya kazi mezani katika ofisi yoyote toka Uvira mpaka Mombasa.

Kwa sasa, wafanyabiashara, tusingoje semina. Kila mnapoikuta karatasi mlangoni yenye nambari ya simu, ulizeni swali moja kwa adabu: "Mkuu, akihama mwenye simu hii, nambari hii itabaki?" Akisema ndiyo, mshukuruni. Akisita, mwambieni kwamba mlango wa ofisi haubebwi mfukoni.

Mwandishi ni mwalimu anayeishi Nyakabuye, wilaya ya Rusizi.